Kipande cha Mama Aksanti

Jumapili ile jina la Aksanti liliposomwa kanisani miongoni mwa marehemu, mbeleko ya Immakulata ilikuwa imebaki kupigwa pindo tu.

Alikuwa ameketi upande wa wanawake, usingizi ukimnyemelea, maana katekista alisoma matangazo kwa sauti ya mtu anayehesabu magunia ya maharage. Mchango wa paa. Zamu ya kufagia. Kisha nia za misa: "Tunawaombea marehemu Aksanti na Bahati, watoto wa Jeannette wa hapa Murubona." Immakulata akazinduka, akageuka nyuma. Jeannette alikuwa benchi la mwisho, ametazama chini, mikono ameilaza mapajani. Hakulia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelia zamani akamaliza.

Basi Aksanti alikuwa amekufa. Miaka yote hiyo mtaa mzima ulimwita Jeannette, yule fundi cherehani wa Kikongo, Mama Aksanti, na kila mtu alijua, au alijifanya anajua, kwamba Aksanti ni kijana wake mkubwa aliyebaki kwao Uvira kwa mjomba. Hakuna aliyeuliza. Kule Busunzu alikolelewa Immakulata, watoto wa mtu hawahesabiwi kwa sauti. Ukimuuliza mwenzako anao wangapi, unaonekana una lako jambo. Kwa hiyo Immakulata alikuwa amehesabu kwa macho: watatu wanaocheza barazani penye cherehani, na huyo wa Uvira, wote wazima. Akaridhika. Akaenda kuomba kipande.

Mbeleko yenyewe haikuwa ya kununua dukani. Marehemu mama yake alimfundisha kwamba mtoto anayengojwa kwa hofu abebwe kwa nguo iliyoombwa. Unakwenda kwa wanawake ambao hawajazika mtoto, unamwomba kila mmoja kipande cha kitenge alichowahi kukivaa mwenyewe, unaviunga kwa sindano ya mkono, mshono juu ya mshono, mpaka vitoshe kumfunga mtoto mgongoni. Ingobyi, mbeleko ya namna hiyo, alisema mama yake, kifo kikiiona hakijui kianzie wapi. Na kwa mwanawe Gasper na mkewe Odilia kifo kilikuwa kimeshaanza. Mimba ya kwanza ya Odilia ilitoka ikiwa changa. Mtoto wa pili alifika miezi yake yote, akazaliwa, hakulia. Hii ilikuwa ya tatu, na Immakulata alikuwa amezunguka mtaa mzima na mkasi wake mfukoni, akipiga hodi, akieleza shida yake, akivumilia macho ya watu.

Jeannette hakumwacha aeleze sana. Alichukua kitenge chake mwenyewe, chekundu cha rangi ya udongo chenye samaki weupe, akakata kipande kikubwa kuliko cha mtu yeyote. Ndiyo maana Immakulata alikiweka katikati.

*

Mchana ule ule alikaa barazani na wembe, akaanza kufumua. Odilia alikuwa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anapukuchua maharage, tumbo la miezi saba limemkalia mapajani.

"Mama, unafumua nini tena? Si ulisema bado pindo?"

"Kipande kibaya."

"Kimechuja?"

"Ulikuwepo kanisani, Odilia. Masikio unayo."

Odilia aliacha maharage. Alikuwa mwanamke mpole, na upole wake ulikuwa umemchosha mwenyewe. "Mama Aksanti ndiye aliyekaa nami siku ile nilipomzika wa pili. Wewe ulikuwa Busunzu. Alikuja na uji, akanifunga matiti kwa kitambaa yasiniume. Siku nne hakukaa kwenye cherehani yake."

"Wema ni wema. Nguo ni nguo."

"Basi hata mimi sifai. Nimezika wawili."

"Wewe ni mama yake. Ya mama mzazi haihesabiwi." Jibu hilo Immakulata alilitunga hapo hapo, na lilimtoka kirahisi mpaka akaliamini.

"Na ninyi, mama? Katika ukoo wenu kweli hakuna kabisa?"

"Nilikwambia. Kwetu hatujazika mtoto."

Alimwambia hivyo mara ya kwanza siku zile za uji na kitambaa cha matiti, aliporudi kutoka Busunzu, na hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu lawama isije upande wake. Lakini ulikuwa uongo. Immakulata alizika watatu kabla ya Gasper. Mama mkwe wake mwenyewe alikuwa akimwita kaburi, tena mbele ya wageni, tena akicheka. Mumewe alipopata kazi ya ulinzi Kasulu wakahama Busunzu, na katika mji ambao hakuna aliyemjua, Immakulata akaanza upya na mtoto mmoja aliyebaki, mama wa mtoto mzima. Uongo ule ulikaa nyumbani kwake muda mrefu hata akauzoea kama kiti. Lakini kwenye mbeleko hakutia kipande chake mwenyewe. Odilia alipouliza sababu, alijibiwa kwamba mshonaji hajiwekei.

Wembe ulifika kwenye uzi wa mwisho. Samaki weupe wakatoka, na katikati ya mbeleko kukabaki tundu ambalo ungeweza kupitisha kichwa cha mtoto.

*

Kitu kilichoombwa hakitupwi, hata kikiwa kibaya. Kesho yake Immakulata alikikunja kwenye kipande cha gazeti, akaenda nacho. Alitarajia kumkuta Jeannette peke yake. Akamkuta na mwalimu mmoja wa kike, mtu wa Kilimanjaro aliyehamishiwa huku, amesimama mikono juu anapimwa, na wasichana wawili wanangoja sare.

"Mwakeye, Mama Aksanti."

"Mwakeye, Mama Gasper. Karibu, ikala."

"Sikai. Nimekurudishia hiki."

Jeannette alifungua gazeti. Akakigeuza kipande, akapitisha kidole pembeni mwake, kwenye vitundu vya sindano vilivyokizunguka pande zote nne.

"Iko na shida gani?"

Njia nzima Immakulata alikuwa amejipangia maneno mazuri. Sasa yakamtoroka. "Mbeleko ilikuwa kubwa mno. Nimepunguza."

"Mulipunguza katikati?"

Mwalimu alishusha mikono, akachukua simu yake, akaitazama kwa bidii ingawa haikuwa imelia. Wasichana wakaangaliana. Immakulata alihisi jasho chini ya kitambaa cha kichwa, na hali asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Bon," alisema Jeannette. "Ulisikia kule kanisa."

"Nilisikia. Pole sana."

"Asante."

Jeannette aliinama. Akakitia kile kipande kwenye kapu la mabaki chini ya cherehani, pamoja na vijitambaa vya sare za shule, akamgeukia mteja. "Mwalimu, mikono tuache mirefu ao mifupi?"

Immakulata alirudi nyumbani akijiambia kwamba amefanya lililo sawa. Mtu aliyefanya lililo sawa hajirudiirudii hivyo njia nzima. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, walisema wahenga. Lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa na hofu ya mjukuu?

*

Uchungu ulimshika Odilia siku chache baadaye, mvua ikinyesha, wakati haujafika. Gasper alikuwa Munanila, anajenga kwa mtu nyumba ya matofali, na simu yake kila ikipigwa haipatikani. Immakulata alimpakia mkwewe kwenye bajaji, akamfunika kwa turubai la dereva, na walipofika hospitali damu ilikuwa imeshachirizika hadi kwenye kandambili. Wakamwingiza chumba cha upasuaji. Immakulata akabaki kwenye benchi na mfuko wake: khanga mbili, wembe mpya, chupa ya chai, na mbeleko yenye tundu.

Alizaliwa msichana. Alilia kidogo, mlio kama wa kifaranga, na Immakulata aliposikia mlio huo alipiga magoti pale pale penye sakafu ya maji.

Nesi aliyemwita alikuwa anaitwa Anifa, binti mwembamba kutoka Lindi, mwenye macho yaliyokosa usingizi. Alimpeleka kwenye chumba chenye joto ambako wanawake walikaa kwenye vitanda, kila mmoja amefunga kitu kifuani. Kwanza Immakulata hakuelewa. Kisha akaona vichwa, vidogo kama ngumi, vikichungulia kwenye shingo za nguo.

"Bibi yangu, sikiliza," alisema Anifa. "Mtoto huyu ni njiti. Hana mafuta mwilini, hawezi kujitunzia joto. Mashine yetu tayari ina mapacha wa watu. Dawa yake ni kifua cha mtu. Ngozi kwa ngozi, afungwe asibanduke, mchana na usiku. Akipoa tu, tunampoteza."

"Mama yake..."

"Mama yake amepoteza damu nyingi, ana homa, na kidonda kibichi. Leo hawezi, kesho hawezi. Ndiyo maana nimekuita wewe."

Immakulata alijifanya hakusikia hilo la mwisho. Akatoa mbeleko. "Nimemshonea hii. Imeombwa."

Anifa aliifunua, na uchovu ukamtoka usoni kidogo. Zilikuwepo rangi zote: manjano ya Yusta mke wa katekista, kijani cha Mama Nestori, bluu ya muuza mkaa, zambarau, nyeusi yenye nyota. Lakini mikono yake ilikuwa imeshafika nyuma, kwenye mishono. "Ni nzuri, bibi. Ila mishono hii itamchubua. Ngozi yake bado ni utando tu. Tumfunike nayo mama." Akaona tundu, hakuuliza. "Haya. Vua blauzi, nikufunge mtoto."

"Mimi sina joto."

Anifa akamwekea kiganja shingoni. "Unalo kunishinda mimi."

"Mimi mtu mzima. Mifupa mitupu. Nitaleta mtu anayefaa."

"Anayefaa vipi? Huyu si anataka kifua tu?"

"Nitaleta mtu, mwanangu. Nipe muda kidogo."

Anifa alimtazama. Labda alidhani ni aibu ya kuvua nguo, maana wako wanaoona haya. "Nitambana na mapacha kwenye mashine," alisema. "Ila ni pa kubana tu, bibi, si pa kukaa. Usichelewe."

Immakulata alitoka karibu akikimbia. Hakuona haya. Aliogopa. Watatu walikuwa wamelala juu ya kifua kile, na wote watatu walikuwa chini ya udongo wa Busunzu, na sasa wanamwambia aweke wa nne.

*

Alianza kwa Yusta, mke wa katekista, mama wa watoto saba wote wazima, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye kifua ambacho kingetosha njiti wote wa Kasulu. Yusta alikuwa anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, akisema "maskini" kila panapostahili.

"Mama Gasper, ningekuja. Lakini leo jumuiya inasali kwangu."

"Hata saa mbili tatu tu. Nitakaa mimi kupika."

"Utapika wewe wakati wageni ni wangu?" Yusta alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Kesho labda. Nitazungumza na baba Katekista."

Mama Nestori alisingizia magoti. Aliyaonyesha kabisa, akapandisha khanga ili uvimbe uonekane, ingawa jana yake Immakulata alimwona akishuka bondeni kuchota maji. Muuza mkaa alisema mumewe hapendi alale nje. Kwa kila mlango Immakulata aliinama zaidi kidogo, na sauti yake ikazidi kuwa ya mwombaji. Alipoomba vipande walimpa huku wanatania. Sasa anaomba mwili, na hapakuwa na utani.

Mwisho alirudi kwa Yusta, amelowa, na huko ndiko alikoambiwa ukweli. Yusta alimvuta kando, mbali na wanajumuiya walioanza kufika.

"Mama Gasper, tusidanganyane. Kipande cha kitenge nilikupa kwa moyo mmoja. Lakini mtoto mwenyewe alivyo, tumeshaambiwa alivyo. Akifia kifuani kwangu nitasema nini? Mimi kwa neema ya Mungu sijawahi kuona kifo cha mtoto wangu. Sitaki kukianzia kwa wa mwingine."

Maneno yale yalikuwa ya Immakulata mwenyewe. Yusta alikuwa ameyavaa tu.

"Ungemwomba mtu aliyekwisha kuyapitia," Yusta aliongeza kwa upole. "Hao hawana cha kupoteza."

Immakulata aliaga kwa heshima zote. Barabarani akasimama karibu na mtaro, akalia kwa hasira, na mvua ikamficha.

*

Gasper alikuwa kwenye varanda ya hospitali, saruji imekauka kwenye suruali. Habari zilipomfikia alipanda lori kutoka Munanila. Alikuwa anakohoa.

"Wamenikataa, mama," alisema kabla hajaamkia. "Nilivua shati kabisa. Nesi kasikia kikohozi, kanitoa nje kama mbuzi."

"Mtoto je?"

"Yupo." Akakohoa tena, akifunika mdomo kwa kiwiko. "Nesi anasema ulitoroka."

"Sikutoroka. Nilikwenda kutafuta mtu."

"Mtu gani, mama? Wewe si mtu?"

Hakuwahi kumsemesha hivyo. Immakulata alitazama miguu ya mwanawe, viatu vilivyopasuka mbele. "Yuko na nani sasa?"

"Mama Aksanti. Odilia alizinduka, akaniambia nenda ukamwite Mama Aksanti. Nilipofika hata hakuuliza. Alizima redio, akafunika cherehani, akanipita njiani."

*

Jeannette alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha Odilia. Amefungwa kitenge kuanzia makwapani, na chini ya kidevu chake kulikuwa na kofia ndogo ya sufu. Odilia alikuwa amelala, amefunikwa kwa mbeleko. Kupitia lile tundu la katikati lilionekana gauni jeupe la hospitali.

Immakulata alisimama akichuruzika maji. Hakujua aanzie kuamkia au kuomba radhi, akafanya la tatu, akaanza kukunja khanga iliyokuwa imekwisha kukunjwa.

"Anapumua muzuri," alisema Jeannette kwa sauti ya chini. "Sasa hivi alikuwa na kwikwi."

"Mama Aksanti. Mimi nilikukosea."

"Ndiyo."

Immakulata alingoja aambiwe si kitu. Hakuambiwa. Jeannette alinyoosha mkono, akaingiza vidole kwenye tundu la mbeleko, akaugusa mwili wa Odilia. "Baridi inaingilia hapa," alisema, akausogeza upande mmoja wa khanga uzibe.

"Nilizunguka kwa wote," alisema Immakulata. "Wote waliotoa vipande. Hakuna aliyekuja."

"Bale bote wanaogopa."

"Hata mimi naogopa." Na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, na kwa kuwa amechoka, ikamtoka. "Nilizika watatu. Kabla ya Gasper. Wote walikuwa hapa." Akajigusa. "Hapa hapa. Wa mwisho alipoa nikiwa nimemshika, nikadhani amelala. Nilimwimbia mtu aliyekufa."

Jeannette alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Hakuwa na uso wa kushinda.

"Aksanti yeye alikufa chini," alisema. "Tulikuwa tunakimbia usiku. Miye nilikuwa na mudogo wake kwa mugongo, Bahati kwa mukono. Aksanti alikuwa mugonjwa, muzito. Nilimulalisha kwa majani, nikavusha bale wengine mutoni, nikarudia. Nikamukuta baridi. Bahati ilikuwa hivyo hivyo, kule kambi, wakamulaza kwa sakafu na homa." Alivuta pumzi taratibu ili asimtikise aliyefungwa. "Miye kila siku najiuliza kama ningemubeba. Wewe ulimubeba. Kifua hakijaua mutu, Mama Gasper. Ulimupa joto mpaka mwisho, ni yote tu."

Immakulata alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Sasa miye nitaenda," alisema Jeannette. "Niko na batoto hawajakula, na mwalimu anataka gauni yake kesho. Nitarudia asubui. Vua hiyo blauzi, imelowa, utamuletea baridi."

"Na akifa?"

"Akikufa atakufa kwa bibi yake. Si kwa sakafu."

Anifa aliitwa. Alimkausha Immakulata kifua na mgongo kwa taulo, akimsugua kama anavyosuguliwa mtoto wa shule, akampasha kwa chupa ya maji ya moto. Ilikuwa ni aibu ya namna yake, kukaa wazi mbele ya wanawake wale wote na matiti yake ya kizee, lakini hakuna aliyetazama. Kila mmoja alikuwa na wake wa kuangalia. Kisha mtoto akafunguliwa kwa Jeannette na kwa haraka, kabla hajapoa, akawekwa. Alikuwa mwepesi mno. Alikuwa moto. Miguu yake, myembamba kuliko kidole cha mtu mzima, ikakunjika kama ya chura chini ya titi, na mdomo ukafunguka ukafungwa. Anifa akavuta kitenge, akakaza, akafunga fundo.

"Usilale chali," alisema. "Na ukiona amenyamaza sana, msugue mgongo."

*

Hakulala chali, wala hakulala kabisa. Mtoto alinyamaza sana mara nyingi, na kila mara Immakulata alimsugua mgongo kwa kidole mpaka pumzi irudi. Kulipopambazuka mabega yalikuwa mawe, na mvua ilikuwa imekatika. Mama mmoja wa kitanda cha pili alikuwa amempoteza wake wakati wa alfajiri; alikuwa anakunja vitu vyake bila sauti. Immakulata alimtazama mpaka akatoka mlangoni, na akajua kwamba hakuna alichohakikishiwa.

Odilia alifumbua macho. Alimwangalia mama mkwe wake aliyefungwa kitenge hadi shingoni.

"Yupo?"

"Yupo. Sasa hivi amenikojolea."

Odilia alifumba macho tena, machozi yakamtoka pembeni. Kisha akasema, bila kuyafungua, "Jana nilikuwa macho, mama. Ulipokuwa unaongea na Mama Aksanti."

Immakulata alihisi mwili mzima unapoa, akaogopa kumpoza mtoto. "Umesikia yote?"

"Watatu."

"Ego. Watatu."

"Nilipomzika wa pili uliniambia kwenu hamjazika mtoto. Nikajua basi ubaya ni wangu. Nikawa nalala nikijinusa mwenyewe, mama, kama nina harufu."

"Nilikudanganya," alisema Immakulata. "Niliitwa kaburi. Sikutaka kuitwa tena."

"Walikuwa na majina?"

"Wa kwanza Tharsisi. Wa pili Evaristi. Wa tatu alikuwa msichana, hakufikia kupewa." Hakuwa ameyatamka tangu walipohama Busunzu, na kinywani yalikuwa mageni. Mumewe alikufa bila kumsikia akiyasema.

Odilia aligeuza uso ukutani. Nje mtu alikuwa anafagia maji kwenye varanda. Alipozungumza sauti yake ilikuwa kavu, haikuwa ya kusamehe.

"Wangu nao niliwapa majina. Wote wawili, hata yule aliyetoka mchanga. Hukuwahi kuniuliza."

"Sikuuliza."

"Hata siku moja."

"Nakuuliza sasa, mwanangu."

Odilia alimgeukia, akamwangalia yule mwanamke mzee, mikono yake iliyoshika mgongo wa mtoto, macho mekundu, kana kwamba anapima kama ni mtu wa kukabidhiwa kitu kama hicho. Kisha akayataja, moja, halafu la pili. Na Immakulata akayarudia yote mawili polepole, kwa sauti ndogo, ili asimwamshe mdogo wao.